Bibi aliyemnyamazisha muongozaji wetu kule Matera

Basilicata, mkoa wa Italia wenye huo mji wa Matera, nilienda kwa nafasi ya mtu mwingine. Kuna mama nafanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee huku Ujerumani, alikuwa amelipia safari ya kigrupu yeye na mumewe, ndege, basi, hoteli, chakula, kila kitu, mume akateleza bafuni akavunjika nyonga wiki chache kabla ya kuondoka na kampuni ikasema hela hairudi ila majina yanaweza kubadilishwa. Nafasi moja akampa dada yake, mwalimu mstaafu, nyingine akanipa mimi kwa bei ya kutupa. Hiyo ni Septemba 2022. Mi hata hilo jina Basilicata sikuwahi kulisikia, Italia yangu ilikuwa Roma, Venice na Juventus basi.

Ukiangalia ramani ni huku chini kabisa, kati ya kisigino na vidole vya kile kiatu cha Italia. Mkoa mzima hawafiki watu laki sita, ni milima milima tu na vijiji vimekaa juu vilimani huko, airport hawana, unashukia Bari kwa majirani. Hata Matera yenyewe, ambayo 2019 ilikuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya, mpaka safari yetu ile treni za serikali zilikuwa haziendi, kulikuwa na kale katreni kadogo tu kutoka Bari kanakwenda kwa starehe zake. Muongozaji wetu alituambia hayo kwenye maiki ya basi huku anacheka, ila ukimsikiliza vizuri hakuwa anacheka.

Sasa lazima niseme kitu. Mi nimezaliwa Mto wa Mbu, na baba yangu kaongoza watalii maisha yake yote, siyo wa mbugani, wale wa kutembezwa kijijini kwa miguu. Wanapita mashamba ya mpunga, wanaenda kwa wachonga vinyago wa Kimakonde, wanaonjeshwa mbege, wanakula wali na maharage uani kwa mtu, wanapanda gari wanaendelea zao Ngorongoro. Kwa hiyo mi kwenye ile grupu nilikuwa naangalia vitu ambavyo wenzangu hawavioni. Nilikuwa naona muongozaji wetu anavyohesabu vichwa kwa macho bila kunyoosha kidole, anavyotembea taratibu bila kumwambia mtu kwamba kuna mzee wa magoti nyuma, na utani wake wa kwanza wa asubuhi nilijua kabisa ameshautoa mara mia na bado anautoa kama ndo umemjia sasa hivi. Baba alikuwa hivyohivyo. Nikampenda bure yule mtu.

Siku ya Matera ndo nataka kuisimulia.

Basi kubwa haliingii kule chini, tukashushiwa juu mjini tukaanza kuteremka ngazi. Mtu ukifika pale ukingoni mara ya kwanza unanyamaza kidogo. Ni korongo, chini kabisa unapita mto Gravina, na upande mmoja wote ni nyumba juu ya nyumba, zimechongwa kwenye mwamba, paa la huyu ndo barabara ya yule, wanaita Sassi, kuna Sasso Barisano na Sasso Caveoso. Ng'ambo unaona mapango matupu ambayo watu walikaa tangu enzi za mawe. Mawe ya ngazi yamesuguliwa na miguu ya watu mpaka yanateleza, na wazee wangu wale wa grupu mikongojo yao ya kupandia milima inalia ka ka ka, kila mtu na kile kiredio sikioni tunamsikiliza jamaa.

Akatupa historia. Kwamba watu waliishi humo na wanyama wao mpaka juzijuzi tu, miaka ya 1950, hakuna umeme wa maana, hakuna maji ya bomba, malaria, watoto wanakufa. Wanasiasa wakaja wakaona, wakaita aibu ya taifa, waziri mkuu De Gasperi akaja mwenyewe 1950, sheria ikapita 1952, na watu kama 15,000 wakahamishwa kupelekwa mitaa mipya iliyojengwa juu huko. Mapango yakabaki matupu, mengine yakazibwa kwa ukuta wenyewe wasirudi. Miaka imeenda, 1993 UNESCO wakaipa urithi wa dunia, na sasa yale mapango yaleyale ni hoteli, usiku mmoja unalala kwa hela ambayo wale wenyewe hawakuwahi kuishika. Hapo wazee wakaguna wote. Na mi niliguna, ila kwenye malaria nilikuwa nimeshaganda, maana Italia WHO waliitangaza imemaliza malaria 1970, yaani huyu muongozaji angekuwa na kaka mkubwa angeweza kuugua ugonjwa ambao mi nimeugua Mto wa Mbu kila masika. Jina la kwetu lenyewe unaliona.

Tukaingia kwenye nyumba moja ya pango iliyofanywa makumbusho. Chumba kimoja. Kitanda kiko juu kweli, godoro la maganda ya mahindi, juu hivyo ili kikwepe unyevu na chini yake wakae kuku. Kuna kabati la droo, na droo iliyovutwa nje imewekwa mtoto wa bandia, maana droo ndo kilikuwa kitanda cha mtoto mchanga. Meza ndogo na bakuli moja kubwa katikati, wote wanakula humo. Huku nyuma kabisa ndo nyumbu, siyo wa mbugani, yule chotara wa punda na farasi, sanamu lake yaani, joto lake na la samadi linapasha nyumba kipindi cha baridi. Pembeni kuna shimo la kuhifadhia maji ya mvua. Na sauti ya kurekodi inakusomea yote hayo kwa huzuni, kwa Kijerumani sisi tulipoingia.

Sauti ikiwa katikati akaingia bibi mmoja na wajukuu zake wawili wakubwa, Waitaliano, nao wamekata tiketi kama sisi. Mfupi, nywele nyeupe, pochi ameikumbatia kifuani. Akasimama mlangoni anaangalia. Halafu akaanza kusema, kwa sauti, siyo kwa mtu, kwa chumba. Muongozaji akageuka, akamsikiliza kidogo, akazima maiki yake. Mi nikajua tayari, maana huyu mtu tangu asubuhi hajazima maiki.

Kumbe bibi kazaliwa humo kwenye Sassi, siyo pango lile, la uchochoro wa pili. Alihamishwa akiwa mtoto wa shule. Wakaongea pale Kiitaliano cha kwao huko hata wale wa grupu wanaojua Kiitaliano cha shule hawakushika kitu, wajukuu wanaona aibu wanamvuta mkono, yeye hata. Muongozaji akawasha maiki tena, akatafsiri, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ile ya utani haipo.

Bibi anasema kuta hizi ni nyeupe mno, moshi uko wapi. Anasema kitanda hakijawahi kutandikwa hivi hata siku ya harusi. Anasema mmeweka kila kitu ila hamjaweka watu, uani hapa walikuwa wanakaa familia nyingi wanazunguka kisima kimoja, mama akienda shamba mtoto analishwa na jirani, hakuna kuuliza. Walipopewa nyumba mpya, ghorofa, choo ndani, bomba linatoka maji, mama yake alifurahi siku chache, halafu akaanza kushuka huku chini kila mchana kukaa kwenye ngazi za ua mtupu, kwa sababu kule ghorofani mtu wa mlango wa pili alikuwa hamjui. Nyumbu baba aliuza, ghorofani utamweka wapi. Na hiyo habari ya aibu, anasema, sisi tulikuwa na njaa, aibu tuliletewa na gari kutoka Roma.

Muongozaji alipofika hapo kwenye kutafsiri akameza mate. Dakika kumi nyuma alikuwa ametuambia hiyo aibu ya taifa kama kichwa cha habari.

Mi sasa nacheka mwenyewe pale nyuma, watu wananiangalia. Maana nyumbani kwetu wageni walikuwa wanakuja kula, na bibi mzaa baba alikuwa na jiko la gesi ndani, la plate mbili, alinunuliwa na shangazi. Lakini baba akija na wageni lazima bibi atoke uani awashe kuni kwenye mafiga matatu, avae khanga, achochee, macho yanamtoka machozi ya moshi, wageni wanapiga picha, wakiondoka tu anamwaga maji kwenye moto anaingia ndani kuchemsha chai yake kwenye gesi. Alikuwa anamwambia baba, "Mwanangu, siku moja nitawaonyesha mtungi wangu wa gesi." Hakuwahi, baba angekosa kazi. Sasa huyu wa Matera ndo alikuwa anaonyesha mtungi, mbele ya wageni wote, na muongozaji kamwacha aonyeshe. Baba sijui kama angemwacha.

Basi Mwalimu wangu, yule mstaafu niliyekuja naye, Mungu ambariki, akaomba bibi asimame pale pembeni ya kitanda ampige picha. Bibi akakataa kabisa. Pale siyo kitandani kwangu, akasema. Halafu akaniona mimi, nafikiri alikuwa hajaniona kwa giza la mle ndani. Akamuuliza muongozaji huyu naye ni wa grupu? Akauliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akanishika mkono tukatoka nje kwenye mwanga, akaniweka ubavuni kwake, akamwambia mjukuu apige picha. Ya kwake yeye, kwenye simu yake. Nikamwambia muongozaji, mwambie signora kwamba kwetu mgeni akikupiga picha unalipwa. Alipotafsiri yule bibi alicheka mpaka akashika ukuta, akafungua pochi, akanipa euro moja. Nikaipokea kweli, kwa mikono miwili. Wazee wa grupu hawakujua wacheke au wafanye nini, na mi sikuwasaidia.

Kabla hajaondoka akamwambia jamaa asitupeleke kununua mkate kule kwenye duka la watalii, akamtajia tanuri. Sasa mkate wa Matera ni habari nyingine. Wa semolina ya ngano ngumu, hamira yake ya kuchachusha wenyewe, una pembe pembe, ganda gumu rangi ya kahawia na ndani ni njano, na unakaa wiki nzima hauharibiki. Zamani kila familia inakanda kwake halafu inapeleka kuoka kwenye tanuri la mtaa, na ili mikate isichanganyike kila nyumba ina mhuri wake wa mbao wenye herufi za jina la baba, unagongwa kwenye unga uliokandwa. Ile mihuri sasa inauzwa kila duka kama sanamu za kuweka juu ya friji. Bibi alisema wa kwao ulikuwa na kichwa cha jogoo kilichochongwa na babu yake, na kaka yake mkubwa ndo kaubeba alivyohamia Torino kutafuta kazi kiwandani, hawezi kumdai maana ameshafariki na mkewe anaufanyia pambo.

Tukaenda kwenye tanuri, haikuwa kwenye programu, ni kupanda ngazi tena na dereva anapiga simu kwamba pale alipoegesha anafukuzwa. Mchana ukachelewa. Ila tulipofika mezani tulikula puree ya maharage makubwa yaliyokaushwa na mboga ya porini chungu, ningeambiwa ni mchunga ningekubali, na juu yake pilipili zao tamu za Senise, zinatungwa kwenye kamba zinakaushwa juani halafu zinatiwa kwenye mafuta ya moto sekunde tu zinakuwa kama krisps. Mi nilikula za Mwalimu pia, yeye alisema zinamkwama kwenye meno.

Siku zilizobaki zilikuwa nzuri tu. Craco, kile kijiji kilichoanza kuhamwa baada ya maporomoko ya 1963, tukavalishwa helmeti. Metaponto tukaona nguzo za hekalu la Wagiriki, jua kali. Castelmezzano kuna waya wa chuma watu wanarushwa kutoka mlima mmoja kwenda wa pili wamelala kifudifudi, katika grupu yetu akaenda mmoja tu, babu wa miaka sabini na kitu, akarudi nywele zimesimama anataka bia.

Siku ya mwisho, njiani kwenda Bari, bahasha ya tip ikaanza kuzunguka kwenye basi. Nikamwona Mwalimu anatafuta sarafu. Nikamwambia, kwa sauti ya chini lakini siyo ya chini sana, Mwalimu, mi nimesomeshwa na hiyo bahasha. Nikamweleza kwamba Januari mpaka Machi huyu mtu hana mgeni, na kwamba siku ile ya pango alikubali kuaibishwa mbele ya wateja wake ili sisi tusikie kitu cha kweli, na wengi wangemkatisha yule bibi kwa upole wakasema muda umetuishia. Akaniangalia. Akatoa ishirini. Halafu akageuka nyuma akawaeleza wale wa siti inayofuata, kwa ile sauti yake ya darasani, na mimi nikavaa earphone zangu nikaangalia dirishani maana sikutaka kuonekana ndo nimeanzisha.

Dereva naye alipata bahasha ya peke yake. Faini ya maegesho ya siku ile tuliichangia.