Julai, kutoka Durban kuelekea kusini

Mimi nimezoea bahari ya kaskazi na kusi, ambako upepo ukishika hukaa miezi. Pwani ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, haina subira hiyo. Tuliondoka Durban asubuhi kwa basi dogo, tukielekea Port Edward, na hata hatujafika Scottburgh jasho lilikuwa likitutiririka. Julai, katikati ya majira ya baridi! Mzee mmoja aliyekaa dirishani akanishauri nisiliweke koti mbali, maana joto hilo ndilo linalotangulia baridi.

Alisema kweli. Hewa baridi ya kusini inapokuja, ukingo wake husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, na mbele yake hutambaa mgandamizo mdogo wa hewa, ukiifuata pwani. Mgandamizo huo huvuta hewa ya uwanda wa juu, nyuma ya milima ya Drakensberg. Hewa hiyo ikiporomoka kuelekea baharini hupata joto la karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000, ikawa kavu ajabu.

Port Shepstone tulishuka kunyoosha miguu. Mchanga ulikuwa ukipeperushwa kuelekea majini. Mara upepo ukakatika, bendera ikalala kwenye mlingoti. Ulipovuma tena ulitoka kusini-magharibi, wa baridi kali, na mchanga uleule ukageuka, ukawa unakimbia sambamba na ufuo. Nikalivaa koti.

Baharini ndiko kwenye hatari zaidi. Mkondo wa Agulhas huteremka kuelekea kusini-magharibi, na upepo huo ukiupiga uso kwa uso, mawimbi husimama kama kuta. Meli ya Waratah iliondoka Durban Julai 1909 ikiwa na watu 211, ikapotelea pwani hii. Mabaki yake hayajapatikana hadi leo.

Majira ya joto, kingo hizi hupita mbali kusini, na mvua ya Durban huwa ya radi. Mimi ningeogopa zaidi miezi iliyo kati ya joto na baridi, hasa Aprili, pale kipande cha hewa baridi kinapojitenga huko juu na kukwama mahali pamoja, mvua ikinyesha bila kusogea. Ndivyo yalivyotokea mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua zaidi ya watu 400.

Port Edward tuliingia kwa manyunyu. Kesho yake jua likawaka, na upepo wa kaskazini-mashariki ukaanza kuinuka. Mama mwenye nyumba ya wageni akanihimiza nifue siku hiyohiyo: joto la milimani lingerudi baada ya siku chache, na baridi nyuma yake.