Macho ya mabondia wetu Mtwara: mradi wangu, wiki ya sita

Mradi wenyewe ni kadi za namba ambazo bondia anazisoma haraka, akishapigwa kichwani anasoma tena tuone kama macho yamepunguza kasi, maana inaweza kuwa dalili ubongo umetikisika. Nimeshapata vipimo vya mwanzo vya mabondia 11 wa gym yetu hapa Mtwara, walikuwa 14 ila watatu wamehamia maghalani, msimu wa korosho ushaanza na kijana akishabeba magunia kutwa nzima jioni hana hamu ya glavu wala ya kadi zangu.

Jicho likiwa linasoma haliserereki, linaruka, linatua kwenye namba, linaruka tena, na kila mruko unaagizwa na sehemu kadhaa za ubongo kwa pamoja. Sasa ngumi ikitikisa ubongo mpangilio huo unaweza kuvurugika hata kama mtu anaongea vizuri tu na anakwambia yuko fiti. Ndo msingi wa kipimo cha King-Devick cha Marekani, kilianza 1976 kwa ajili ya mambo ya kusoma, halafu 2011 watafiti wakatoa matokeo ya kukipeleka kwa mabondia na wapiganaji wa MMA (ule mchezo wa kuchanganya ngumi, mateke na mieleka), waliopigwa kichwani wakawa wanasoma taratibu kuliko walivyosoma kabla ya pambano. Kile chenyewe sina hela yake, nimechora kadi zangu tatu kwenye manila kwa maka pen, namba zimeachana bila kulingana, mtu anazisoma kwa sauti haraka awezavyo na mimi nashika saa ya simu.

Video nimeachana nayo. Siku tisa nzima nilirekodi macho nikidhani nitahesabu miruko, kumbe simu yangu inachukua picha 30 kwa sekunde, yani kila picha milisekunde 33 hivi, na mruko mdogo wa jicho unaweza kuanza na kuisha humohumo. Picha hii jicho liko huku, inayofuata lishafika kule. Mashine za maabara za kufuatilia macho zinapiga hata mara 1000 kwa sekunde.

Kilichonisumbua kweli ni namba ya mwanzo, maana bila hiyo huna cha kulinganisha. Mtu akirudia anakuwa na kasi kwa kuzoea, kwa hiyo nawasomesha mara mbili nachukua ya haraka isiyo na kosa. Halafu dogo mmoja akasoma polepole makusudi, kumuuliza akasema, "Bro, nikipigwa usije ukanitoa." Iliniuma. Nikakaa naye nje nikamwambia mdogo wangu, hii namba inakulinda wewe, ukiidanganya umejidanganya kichwa chako mwenyewe. Kesho yake karudi kasoma upya, kapunguza sekunde 8.

Jumamosi ndo kadi zikapata kazi. Kwenye sparingi bondia wetu wa kilo 57 kala ngumi nzito ya kulia kichwani, kaegemea kamba, anasema yuko poa. Kadi zake mwanzo zilikuwa sekunde 44, sasa 55 na karuka mstari mzima. Sio uchovu, maana wiki ya nne niliwarusha wote kamba dakika 10 kisha wakasoma na hakuna aliyeongeza muda. Kocha alitaka amalizie raundi mbili. Nikamwambia, "Mwalimu, naomba huyu atoke." Akaiangalia karatasi, akamtazama kijana, akasema, "Mvueni glavu." Kaka yake akampeleka hospitali, daktari kasema apumzike na akirudi arudi kwa hatua.

Nimebandika ukutani: aliyepigwa kichwa akayumba anatoka, hata kadi ikisoma vizuri. Kadi inaweza kukosa kuona. Na kuna dada wa Lindi kaniuliza kama nimpime baba yake, bondia wa zamani ambaye siku hizi anasahau sahau, nikamwambia hapana dada, kadi inalinganisha leo na jana, yale madhara ya ngumi za miaka mingi yanayoitwa CTE yanathibitishwa kwa kupima ubongo mtu akishafariki, mzee apelekwe kwa daktari, kusahau kuna sababu nyingi na nyingine zina dawa.

Leo siku ya tano, wa kilo 57 kasoma 49. Bado. Kocha kampa kazi ya kushika saa ya raundi, na anaifanya vizuri.