Neno la mwezi huu: Kamba

Utaratibu wetu ni uleule: sisi tunaopenda kupiga picha hapa Unguja tunapewa neno moja, kila mtu anatoka na kamera au simu yake, kisha tunazitazama picha pamoja. Safari hii neno lilikuwa "kamba".

Mimi nilikwenda Paje siku za bamvua, bahari ikiwa imerudi nyuma mno. Kina mama wa mwani walikuwa wameinama kwenye kamba zilizofungwa vigingini, wakipachika mbegu moja moja. Kilimo hiki kimeshika pwani ya mashariki tangu mwisho wa miaka ya 1980, na siku hizi maji yakizidi joto mwani huoza. Niliomba ruhusa kwanza; bibi mmoja akakubali nipige mikono tu, uso hapana. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote: vidole vilivyokunjamana kwa chumvi, fundo bado halijakazwa, jua la saa tatu asubuhi likipiga ubavuni hadi kila uzi ukaonekana.

Wenzangu walileta mengine kabisa. Amari, yaani kamba ya nanga, ya jahazi pale Malindi ya Mjini Unguja. Mtoto akiruka kamba uchochoroni. Nguo zilizoanikwa darini. Iliyonigusa zaidi ni ya mama akisokota kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Makumbi yale hufukiwa ufukweni miezi kadhaa kabla ya kupondwa, na kazi hiyo nzima inastahili kupigwa picha, hatua kwa hatua.

Neno lijalo ni "kivuli". Nitaanzia Darajani, chini ya maturubai ya soko, jua likiwa la utosi.