Roberto, Wala si Bob

Basi la kutoka Columbus lilinishusha Pittsburgh saa tano asubuhi, mvua ya rasharasha. Binamu yangu alikuwa kazini hadi jioni, nikaona nisikae kituoni kama mzigo. Nikawafuata watu wenye kofia nyeusi na njano, tukatokea kwenye daraja la manjano juu ya mto Allegheny. Siku ya mechi magari hayapiti, kila mtu na miguu yake. Tangu 1998 daraja hilo linaitwa Roberto Clemente, jina la mchezaji wa besiboli.

Besiboli siijui, mimi nimekulia chandimu. Lakini ng'ambo, penye sanamu yake, mzee mmoja wa jezi namba 21, namba ya Clemente, aliniona nashangaa, akanipa darasa bila kuombwa. Clemente alizaliwa Carolina, Puerto Rico, 1934. Alianza kuichezea Pirates, timu ya Pittsburgh, 1955 na hakuhama, misimu 18. Mapigo safi 3,000 kamili katika mechi za msimu wa kawaida, la mwisho 30 Septemba 1972. (Pigo safi ni nini? Nilielezwa mara mbili, bado nusunusu.)

Kilichonichoma ni habari ya jina. Miaka mingi kadi za wachezaji zilimwandika "Bob", na waandishi wakanukuu Kiingereza chake pamoja na lafudhi, jambo lililomkera sana. Yeye akashikilia: Roberto. Mimi kazini naitwa Roger. Jina langu ni Rajabu, na huu mwaka wa nne naitikia tu.

Pirates walipotwaa ubingwa 1971, alipowekewa kipaza sauti cha televisheni alianza na Kihispania: akawaombea baraka wanawe, akaomba radhi za wazazi wake. Radhi za wazazi! Hapo sikuhitaji mkalimani.

Desemba 1972 tetemeko la ardhi likaiangusha Managua, mji mkuu wa Nikaragua. Aliposikia misaada haiwafikii wenye shida, akaamua kuisindikiza mwenyewe. Usiku wa tarehe 31, ndege iliyobebeshwa kupita kiasi ilianguka baharini mara tu baada ya kuruka kutoka San Juan. Mwili haukupatikana. Alikuwa na miaka 38.

Mzee akafuta miwani, akaniuliza jina. Nikamtajia. Akalikosea. Nikamrudishia polepole, Ra-ja-bu, mpaka likamkaa mdomoni, halafu tukaenda kupanga foleni ya tiketi za upande wa kulia wa uwanja, penye ukuta wa futi 21; kulia ndiyo nafasi aliyokuwa akilinda Clemente enzi zake.