Siku moja maishani mwangu: klipu iko mkononi mwangu

Saa kumi na moja unusu alfajiri namwacha mwanangu amelala, napanda boda pale Kondele. Kufikia saa moja nimeshajaribu taa na mashine ya kufyonza, na nimeukagua mpira wa kamera kama unavuja.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha endoskopi, yaani kutazama ndani ya tumbo kwa mpira wenye kamera, hapa Kisumu. Nikisema hivyo watu hunijibu, "Aah, wewe ndiye wa kumezesha watu mpira." Ndiyo, namezesha. Lakini acheni niwasimulie Jumatano iliyopita.

Saa mbili hadi saa nne tulipima wagonjwa watano. Wawili vidonda vya tumbo, wawili umio umeziba (saratani ya umio huku kwetu magharibi tunaiona mno), na mmoja alikunywa chai asubuhi, akapewa siku nyingine.

Saa nne unusu ilikuwa zamu ya mzee mmoja kutoka Siaya. Alikuwa na uvimbe wa karibu sentimita 3 tumboni, uliokuwa umeshaanza kuvuja damu. Uvimbe wa aina yake hauoti kwenye utando wa ndani, huota kwenye tabaka la misuli ya ukuta wa tumbo. Uvimbe wa juujuu ukiondolewa, kidonda chake mara nyingi huachwa kipone kwa dawa za kupunguza asidi, kama wiki 8 hivi. Huu wa mzee ukiukata wote umetoboa ukuta. Na tundu la namna hiyo haliachwi hata usiku mmoja, maana asidi na chakula vitamwagikia nje, katikati ya matumbo.

Tukasimama. Mtungi wa kaboni dioksidi, gesi ya kulitanua tumbo ili kamera ione, tulioletewa ulikuwa mtupu.

Mtu akapendekeza tutumie hewa ya kawaida. Nilikataa, na nitakataa tena kesho. Kaboni dioksidi mwili huifyonza upesi, mtu akaitoa kwa pumzi. Hewa hukaa. Tumbo lililotobolewa likijaa hewa litasukuma mapafu juu, na mgonjwa atashindwa kupumua. Kwa hiyo tukangoja. Mzee hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana yake jioni. Kila baada ya dakika chache nilikuwa kando ya kitanda chake, "Baba, bado kidogo," huku moyoni nikichemka. Mtungi ulifika karibu saa saba.

Daktari wa usingizi akampa nusu kaputi. Wa upasuaji alikaa chumba cha pili, tayari, iwapo tungeshindwa. Kukata kwenyewe hakukuwa na makubwa: maji ya buluu yakadungwa chini ya utando kuuinua, kisu kikazunguka taratibu, uvimbe ukang'oka mzima. Kwenye skrini pakabaki tundu, na ndani yake mafuta ya manjano. Mafuta hayo yako nje ya tumbo. Ukiyaona, chumba kizima kinanyamaza.

Klipu yetu, kibanio kidogo cha chuma kinachopitishwa ndani ya mpira wa kamera, hufunguka milimita 11. Ukitaka kuziba tundu kubwa kwa klipu peke yake, inauma ukingo huu, ule wa pili unateleza. Ndiyo maana tunatumia kitanzi cha nailoni. Kinatandazwa kulizunguka tundu, klipu zinakibana ukingoni moja baada ya nyingine, kisha kinakazwa, na kingo zinakusanyika katikati kama mdomo wa gunia la omena ukivutwa kamba.

Daktari anaiongoza kamera. Klipu iko mkononi mwangu.

"Fungua, Sista. Zungusha. Hapo. Ngoja apumue." Ukuta wa tumbo hupanda na kushuka na pumzi, nami nangoja ushuke. "Funga." Ya kwanza ikashika, ya pili ikashika. Ya tatu ikachomoka, tukaanza upya upande ule. Tumbo la mzee likaanza kukaza, daktari akapitisha sindano kwenye ngozi kutoa gesi, likalegea. Ya tano niliihisi kiganjani kabla ya kuiachia: nyepesi mno. "Daktari, imeshika utando tu." Akasogeza kamera karibu, akatazama. "Kweli. Ifungue tena." Tukairudia, safari hii ikang'ata nyama. Sijui ilikuwa saa ngapi. Kidole gumba kilikuwa kimekufa ganzi na mgongo unawaka. Klipu saba, kitanzi kikakazwa polepole sana, mafuta ya manjano yakatoweka, tukaongeza mbili juu.

Nje kijana wa mzee alikuwa ananisubiri na karatasi ya malipo. Alikuwa ameshamwona babake na kumfunua shuka. "Sista, hana hata mshono. Hizi pesa ni za kidonda gani?" Nilikuwa nimechoka kiasi cha kulia. Nikamwingiza ndani, nikamwonyesha picha mbili: tundu, kisha tundu likiwa limefumbwa. Alizitazama kwa muda mrefu, akaomba azipige kwa simu amwonyeshe mamake.

Mpira wa kamera hauoshwi na mtu mwingine. Niliusugua mwenyewe, kila njia kwa brashi yake, giza likiingia.

Mzee alipozinduka alipapasa tumbo. "Nyathina (mwanangu), mmenishona wapi?"

"Ndani, Baba. Usile wala kunywa mpaka tukuambie."

Saa nne usiku nikapiga simu wodini. Homa hakuna. Damu hakuna. Tumbo laini.