Nilivyoacha kupimia upepo wa tairi kwa kidole gumba

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilijaza upepo katika matairi ya baiskeli yangu kwa kufuata mashauri mawili ya watu niliowaamini, na yote mawili yaliniponza. La kwanza lilikuwa kubonyeza tairi kwa kidole gumba: likiwa gumu, limetosha. Kidole hutambua tairi lililolegea kabisa, lakini lenye paundi 45 kwa inchi ya mraba na lenye paundi 70 huyahisi karibu sawa. Nilipata pancha mbili katika wiki moja, na kila nilipotoa tyubu nilikuta matundu mawili yaliyokaa sambamba, mithili ya alama za meno ya nyoka. Nilipapasa ndani ya tairi nikitafuta mwiba hadi nikachoka. Hapakuwa na mwiba. Upepo ulikuwa mchache mno, hivyo gurudumu lilipogonga ukingo wa shimo, tyubu ilibanwa kati ya tairi na rimu ikatoboka.

Hapo nikaambiwa nijaze hadi namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Tairi langu la milimita 32 limeandikwa 85. Nilitii, mikono ikawa inakufa ganzi, na gurudumu la nyuma likateleza nilipokata kona yenye kokoto. Namba ile ni kikomo kisichopaswa kuvukwa. Haijui uzito wako wala njia unayopita, na inaniudhi kwamba bado watu wanaitoa kama jibu.

Pampu nayo niliikosea. Nilichagua fupi yenye bomba nene, nikiamini unene ungeniokolea kazi, na kweli mwanzoni kila msukumo uliingiza upepo mwingi, lakini ilipokaribia paundi 50 haikusogea tena hata nilipoilalia kwa uzito wangu wote. Bomba likiwa na kipenyo maradufu, nguvu ya kulisukuma kwa presha ileile huwa mara nne. Bomba nene linayafaa matairi mapana, ambayo hutaka upepo mwingi wenye presha ndogo. Nikanunua pampu ya kusimamisha sakafuni yenye geji, kwa bei ya karibu mara tatu ya ile ya kwanza, na sijajuta. Kagua tu kama kichwa chake kinashika valvu yako, iwe ile nene kama ya gari au ile nyembamba ya Presta, ambayo nati yake ndogo hulegezwa kwanza, na ambayo geji haiwezi kuisoma sawasawa mpaka usukume walau mara moja.

Kipimo chenyewe nilikipata kwa rula. Tairi lililojazwa vizuri hubonyea kwa takriban asilimia 15 ya kimo chake linapobeba mzigo, yaani karibu milimita 5 kwa langu. Nilimwomba mdogo wangu apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa rimu, kwanza baiskeli ikiwa tupu, kisha nikiwa nimeikalia na mkoba mgongoni, mikono kwenye usukani na bega likigusa ukuta kidogo tu. Kwa paundi 85 gurudumu la mbele lilishuka milimita 2 na ushei. Tukapunguza upepo kidogokidogo, tukirudia vipimo kwa magurudumu yote mawili, naye akinung'unika kila mara, "Kaka, umetikisika tena, naanza upya." Mbele tulitulia kwenye 45, nyuma kwenye 60, kwa sababu nyuma ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya uzito. Tangu siku hiyo napima kila wiki, maana upepo hupenya kwenye mpira wa tyubu hata pasipo pancha.

Ilibaki pampu ndogo nyembamba ninayosafiri nayo, ambayo haina geji. Nilitoa upepo wote wa tairi la nyuma nyumbani, nikalijaza kwa pampu hiyo huku nikihesabu, nikikagua mara kwa mara kwa geji ya ile kubwa: misukumo 210 ilifikisha paundi 60. Juzi nilipata pancha nikiwa mbali, nikabadilisha tyubu, nikasukuma mara 210 pasipo kulibonyeza tairi hata mara moja. Nilipofika nyumbani na kuunganisha geji, mshale ulisimama kwenye 58.