Uzoefu wangu: notsi zilivyonisaidia kuijua ditekta ya dhahabu kule Chunya

Habari za saa hizi ndugu zangu. Leo naongelea kitu ambacho wengi wanaoingia kwenye kazi ya ditekta hawakipi uzito kabisa, notsi. Sio notsi za darasani, naongelea zile za kuwa nazo mwilini ukiwa porini, jua la utosini, mashine inalia na wewe hujui kama ni dhahabu, ni msumari au ni udongo tu unakusumbua.

Mashine yetu ni GPX 5000 ya Minelab, tulichanga mimi na shemeji yangu tukaichukua kwa jamaa aliyekuwa anaachana na kazi hizi, ikaja na koili mbili (ile sahani ya chini unayopitisha juu ya ardhi) na kitabu chake cha maelekezo. Kitabu ni kizuri, nimekisoma chote na mpaka leo nakirudia, ila ni kitabu cha kusomea nyumbani. Porini umevaa betri mgongoni, hedifoni masikioni, mkono mmoja una mashine na mwingine una sururu, utafungua saa ngapi kurasa utafute setingi fulani maana yake nini? Halafu kimepangwa kwa kufuata mashine, kitufe baada ya kitufe, wakati shida ya mchimbaji haiji hivyo, shida inakuja "mbona hapa inaunguruma kila ninapogusa?" au "mlio ulikuwepo sasa hivi, umeenda wapi?" Kwa hiyo nikaamua notsi zangu zianze na shida, jibu lifuate hapo hapo pembeni.

Cha kwanza ni kadi. Karatasi ngumu saizi ya kiganja, nimeandika pande zote mbili kwa herufi kubwa, steshenari wakanipigia laminesheni, nikaitoboa na kuifunga kwa kamba kwenye mkanda wa mashine. Upande wa mbele ni mambo ya asubuhi kwa mpangilio wake: simu izimwe au ibaki kwenye begi mbali na koili, sururu iwekwe pembeni, buti zisiwe na chuma mbele. Kisha washa, shika koili imetulia hewani, bonyeza auto tune na usiisogeze mpaka imalize, inachukua karibu dakika nzima na inachofanya ni kutafuta mahali ambapo haiingiliwi na umeme wa nyaya au na ditekta nyingine iliyo karibu. Baada ya hapo unabalansi na ardhi, yaani mashine izoee udongo wa pale isiulilie, unashikilia kile kitufe cha kijani cha Quick-Trak huku unapandisha na kushusha koili mpaka mlio utulie. Mwisho unarekebisha ule mngurumo mwembamba wa muda wote, usikike kwa mbali kama mbu aliye upande wa pili wa chandarua, maana vipunje vidogo mara nyingi havipigi kelele, vinautikisa tu ule mngurumo, na ukiuzima kabisa utavipita.

Upande wa nyuma ni ardhi na setingi yake, mistari michache tu. Ardhi imetulia: Normal, ndio inashuka chini zaidi. Ardhi nyekundu yenye changarawe za chuma na mawe meusi yanalia ovyo: Enhance. Natafuta dhahabu ndogo kwenye ardhi kali ya namna hiyo: Fine Gold. Karibu na laini ya umeme: usiguse Sharp, inakuwa na kelele sana. Na mstari mmoja nimeupigia kalamu nyekundu, kwamba ile sehemu ya kukataa chuma inafanya kazi na koili ya Double D tu (yenye nyaya mbili, moja ya kutuma na moja ya kupokea), ukiwa umefunga monolupu (yenye waya mmoja unaofanya kazi zote mbili) usiitegemee, chimba kila kitu.

Nieleze kidogo kwa nini hiyo ya "chimba kila kitu" ni muhimu kwetu. Eneo lote la Lupa, huku huku Chunya, dhahabu inatafutwa tangu miaka ya 1920, na miaka ya 1930 watu walimiminika kule kutoka pande nyingi, kwa hiyo chini kuna takataka za vizazi na vizazi, misumari, makopo, maganda ya risasi, vizibo, waya. Mashine inalia kwa vyote hivyo. Anayekuambia amekaa na mashine wiki moja akajua kutofautisha kwa sikio, mwache aendelee, mimi nasema sikio linajengwa na daftari.

Na daftari ndio penyewe hasa. Ni dogo la mfukoni, naandika kwa penseli maana peni ikipata jasho au mvua wino unasambaa. Kuna mzee mmoja wa Makongolosi, ameanza na karai na maji siku nyingi kabla ya hizi mashine, siku moja alituona na shemeji tunachimba huku tunabishana, akatuuliza, "Wanangu, kabla hamjachimba mmesema ni nini?" Tukamwambia hatujasema, tunachimba tuone. Akasema, "Basi hamtajifunza. Semeni kwanza, ndio mchimbe." Shikamoo yake mzee wangu, kwa kweli neno lile ndio lilinipa mfumo wote ninaotumia. Kila ukurasa nikaugawa sehemu tatu kwa mistari ya wima: mlio ulivyokuwa, nadhani ni nini, nilichokuta. Ile ya katikati lazima iandikwe kabla sururu haijagusa ardhi. Ukiandika baada ya kuona kitu kichwa chako kinakudanganya kwamba ulijua tangu mwanzo, ila ukiwa umeshaandika "msumari" halafu kikatoka kipande cha risasi, unakaa chini na kujiuliza ulisikia nini.

Mlio nimeona kuuelezea kwa maneno haisaidii, "mkali" ya leo sio "mkali" ya kesho. Nauchora. Mstari unapanda kisha unashuka, au unashuka kisha unapanda, mnene au mwembamba, mfupi au umevutika. Maana yake iko hivi, mashine hizi zinatuma mapigo ya umeme kwenye koili, pigo likikatika kitu chochote cha metali kilichoko chini, iwe dhahabu au msumari, kinabaki na umeme kidogo unaozunguka ndani yake na kufifia, mashine inasikiliza unavyofifia. Kitu kidogo kinafifia haraka, kikubwa kinachelewa. Kwa setingi ya kawaida kidogo au cha juu juu kinatoa mlio unaopanda kisha kushuka, kikubwa kilichozama kinatoa unaoshuka kisha kupanda. Nilikuwa nimeshasoma hilo kitabuni, lakini lilikaa kichwani baada ya kurasa za michoro kujaa na nilichokuta kikiwa kimeandikwa pembeni ya kila mchoro.

Kutoka kwenye michoro hiyo zikatoka kanuni zangu nyingine ambazo nimezihamishia kwenye kadi. Mlio mpana usio na ukingo, ukinyanyua koili kidogo unapotea, huo ni udongo. Kwangua juu kwa buti halafu pitisha tena, ukiongezeka endelea, ukipotea ulikuwa wa juu juu tu. Mlio mara mbili ukipitisha upande mmoja, ukizunguka ukapitisha kwa kukatiza unakuwa mmoja, mara nyingi ni msumari au waya umelala. Nasema mara nyingi, bado nachimba.

Kingine kilichosaidia ni kujitengenezea majaribio nyuma ya nyumba. Dhahabu ya kufukia kwa mazoezi unaipata wapi, kwa hiyo tulitumia vile vipande vya risasi (ile metali nzito, sio ya bunduki) ambavyo wavuvi wanafungia nyavu, vya saizi tofauti, tukavifukia kwa vipimo vya vidole vinne, shubiri moja, shubiri na nusu, na kila kimoja kikaandikwa kwenye daftari kiko wapi. Unapitisha koili kwa kila setingi na kuandika ulichosikia. Tukarudia masika ardhi ikiwa imeloa na milio ikabadilika, udongo wenyewe ukawa na kelele zaidi, ndio maana sasa juu ya kila ukurasa naandika kwanza ardhi ikoje, kavu au imeloa, nyekundu au ya kijivu, koili gani, setingi gani. Bila hiyo mistari ya juu, michoro yako baada ya miezi mitatu haina kazi, hutajua ililia hivyo kwa sababu ya kitu au kwa sababu ya mvua ya jana.

Kuna watu wananiuliza kwa nini nisitumie simu. Simu ikiwaka karibu na koili inaleta kelele, halafu juani kioo hakionekani na mikono ina udongo. Jioni ndio naitumia, napiga picha kurasa za siku hiyo zisipotee, basi.

Kurasa za mwisho za daftari nimeziweka kwa mambo ya makubaliano na nawaomba msizidharau. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haki ya madini ni ya mwenye leseni ya eneo, huingii na ditekta kwenye PML (leseni ya mchimbaji mdogo) ya mtu bila yeye kukubali, kwa hiyo naandika jina la mwenye eneo, tarehe, mgao tuliokubaliana, na kikipatikana kitu uzito wake tulivyopima mbele yake na ulivyosomeka kwenye soko la madini. Nimeona marafiki wa siku nyingi wanakosana kwa gramu mbili kwa sababu kila mmoja anakumbuka lake.

Juzi juzi shemeji ameleta Gold Monster 1000 ya kuazima, ditekta nyingine ya Minelab. Hiyo haitumi mapigo kama ile ya kwetu, inafanya kazi kwa mawimbi ya kilohezi 45, kwenye vipunje vidogo vya juu juu ina sikio kali sana, ila kwenda chini haiifikii GPX, na kwenye ardhi nyekundu nzito inapata tabu. Kadi yangu ya zamani haimsaidii hata kidogo, michoro ya milio nayo haifanani. Kilichohama ni ile mistari ya wima tu. Nimempa daftari jipya nikamchorea ukurasa wa kwanza, mlio, nadhani, nilichokuta, na tumekubaliana asijaribu kuandika kadi mpaka daftari lifike katikati, maana kadi ukiiandika mapema unaandika ya kitabuni, sio ya ardhi unayoitembea. Mpaka sasa kwenye sehemu yake ya nadhani ameandika dhahabu karibu kila mstari, na wiki hii mmoja umekuwa kweli, punje ya chini ya gramu moja, imetoka pembeni ya kichuguu.